Kunguni kitandani mwa mzee, kero isiyo na wizara

OKTOBA 2023, picha za kunguni kwenye viti vya treni na kumbi za sinema za Paris zilipozagaa duniani, serikali ya Ufaransa iliwaita mawaziri wake kikaoni. Mji huo ulikuwa ukijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka uliofuata, na mdudu asiyezidi milimita tano au sita alitosha kuwakosesha usingizi watawala.

Katika shehia ya Pujini, kilomita chache kusini-mashariki mwa mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, mdudu wa jamii hiyo hiyo hajawahi kuitishiwa kikao cha mawaziri. Katika vijiji vya aina hii kunguni ni kero ya usiku na ya kimya, na mwenye kuibeba kwa muda mrefu zaidi ni mzee anayelala chumba cha ndani, ambaye hana tena nguvu za kukitoa kitanda chake nje na kukianika.

Wageni huijua Pujini kwa magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye masimulizi ya Wapemba humtaja kwa ukali wake. Kwa wakaazi wake Pujini ni mahali pa mpunga, mihogo na karafuu, na ni mahali ambapo mtu akizeeka hubaki kwa mwanawe au kwa mjukuu wake. Kisiwa kina makao ya wazee ya serikali huko Limbani, Wete, yaliyokusudiwa wale wasio na wa kuwaangalia. Wengine wote, ambao ndio wengi, hulelewa nyumbani. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya makao ya wazee Pemba hana budi kuingia katika vyumba vya nyumba za kawaida, kimoja baada ya kimoja.

Katika muongo mmoja uliopita, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imefanya jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijalifanya. Aprili 2016 ilianza kulipa Pensheni Jamii, Sh20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hapana. Kiwango hicho baadaye kilipandishwa hadi Sh50,000. Mwaka 2020 ikapatikana sheria ya mambo ya wazee. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, fedha na sheria huishia mlangoni mwa chumba. Hakuna kati ya hizo inayouliza mzee analalia nini, na nani alilikagua godoro lake mara ya mwisho.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na wanasiasa wameutumia msemo huo kwa wasaliti hata maana yake ya kwanza ikasahaulika. Aliyeutunga huenda alikuwa akijikuna.

Ugumu wa kwanza ni kwamba mwili wa mzee hautoi taarifa. Kijana akiumwa na kunguni huamka na vipele vyekundu vilivyopangana mstari, na nyumba nzima hujua. Kwa mzee mambo ni tofauti. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kwa watu waliokuwa wakiishi katika nyumba zenye kunguni ulionyesha kuwa takriban asilimia 40 ya waliozidi umri wa miaka 65 hawakuwa na alama yoyote ya kuumwa. Ngozi iliyochoka haivimbi. Macho yenye mtoto wa jicho hayaoni madoa meusi kwenye shuka. Hivyo kunguni wanaweza kuzaliana kwa miezi chini ya mtu asiyelalamika, na familia ikashtuka pale tu wadudu wanapovuka ukuta na kufika chumba cha watoto.

Hali hiyo haiwahusu kunguni peke yao. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za nyayo, wagonjwa hawakuamka, na vidonda vikagunduliwa baadaye, vingine vikiwa vimekwisha kuoza. Pujini ni mahali pa mpunga, na penye mpunga ndani ya nyumba hapakosi panya. Mzee mwenye kisukari anayelala jirani na magunia ya mavuno yumo katika hatari ambayo mjukuu wake mwenye miguu mizima hawezi kuifikiria.

Upele nao una hila yake. Kijidudu chake huchimba ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na muwasho wake huzidi usiku. Familia husema ni kunguni, hupiga dawa kitanda, na muwasho hauishi kwa sababu mdudu mwenyewe yumo mwilini. Kinyume chake pia hutokea: mzee hupakwa dawa ya upele wiki baada ya wiki huku kunguni wakimsubiri kwenye maungio ya kitanda. Kutofautisha mambo hayo mawili kunahitaji mtu wa afya atazame mikono ya mgonjwa, kisha ainue godoro. Ni kazi ya dakika kumi ambayo kituo cha afya hakiwezi kuifanya, kwa kuwa mgonjwa huja kituoni na mikono yake na kitanda hubaki nyumbani.

Kunguni anayesumbua ukanda wa pwani ni yule wa nchi za joto, anayeitwa na wataalamu Cimex hemipterus. Mchana hujibanza kwenye maungio ya mfumbati na tendegu, ndani ya mikunjo ya godoro la sufi, kati ya kamba za kitanda na katika nyufa za ukuta wa udongo. Usiku huvutwa na joto la mwili na pumzi, hunyonya kwa dakika tano hadi kumi na kurejea mafichoni. Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake yanaweza kupindukia 200. Mtoto wake hujivua gamba mara tano kabla ya kupevuka, na kila mara lazima kwanza apate damu. Mdudu mzima anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo kukihama chumba kwa wiki mbili hakumwondoi.

Wala haangalii usafi. Huingia nyumba ya tajiri kwa begi la mgeni kama anavyoingia kwa maskini kwa godoro la mkono wa pili. Lakini katika jamii nyingi za pwani kunguni ni aibu, na aibu ndiyo inayomlinda. Mwenye nyumba hatamwambia jirani, mzee hatamwambia mkwe, na mgeni akiuliza huambiwa ni mbu.

Pamoja na usumbufu wote huo, sayansi haijathibitisha kuwa kunguni humwambukiza binadamu ugonjwa katika mazingira ya kawaida. Hapo ndipo alipopotelea katika bajeti. Mbu ana programu yake kwa sababu ya malaria. Minyoo, matende na kichocho vina programu zao, na pale Wawi, karibu na Chake Chake, imo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000 ambayo tafiti zake zinasomwa duniani kote. Kunguni, kwa kuwa haui, ameachiwa mwenye kitanda. Kukosa usingizi kwa mtu wa miaka 80, vidonda vya kujikuna vinavyoingia vijidudu, na damu inayopotea kidogo kidogo kwa mtu ambaye lishe yake ni duni, havina safu katika daftari la takwimu.

Yapo hata hivyo madhara ambayo programu ya malaria yenyewe inapaswa kuyahofia, na historia yake imo humu humu Afrika Mashariki.

Katika miaka ya 1950, mradi wa malaria wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulinyunyiza dawa ya dieldrin ndani ya nyumba. Mwaka 1958 ilichapishwa taarifa kuwa kunguni wa Pare walikuwa wamekwisha kuwa sugu kwa dawa hiyo. Wamarekani walikwisha kuona jambo kama hilo mwaka 1947 huko Pearl Harbor, ambako kunguni wa kambi za jeshi waliishinda DDT miaka michache tu baada ya dawa hiyo kusifiwa kuwa muujiza.

Kisha vikaja vyandarua vilivyotiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Mwanzoni vilipendwa, na si kwa sababu ya mbu tu. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa nyumba zilizotumia vyandarua vya permethrin zilisafishika kunguni. Mtu hamwoni mbu aliyemwepusha na malaria, ila kunguni aliyekufa kwenye shuka anamwona, na hilo lilikuwa tangazo bora kuliko mabango yote. Lakini mwaka 2002 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Tanzania bara vilivyokuwa na vyandarua hivyo kwa miaka kadhaa waliripoti kuwa kunguni wamerudi, na kwamba walikuwa sugu kwa dawa ile ile.

Pemba imepita njia hiyo kwa upande wa mbu. Kuanzia 2006 nyumba za Zanzibar zilinyunyizwa dawa ya jamii ya pairethroidi, maambukizi ya malaria yakashuka mno, na mwanzoni mwa muongo wa 2010 ikadhihirika kuwa mbu wa Pemba wamejenga usugu. Serikali ikabadilisha dawa. Kwa mbu palikuwa na wataalamu waliopima, wakaonya na wakachukua hatua. Kwa kunguni, mpimaji ni mama wa nyumba, na kipimo chake ni shuka la asubuhi.

Hatari iliyopo ni hii: chandarua kisichoua kunguni huwa maficho ya kunguni. Wadudu hukaa kwenye pindo na kwenye kamba za kukining'iniza, na mlalaji huanza kuamini kuwa chandarua ndicho kilichowaleta. Katika sehemu mbalimbali za Afrika watu wamekunja vyandarua kwa sababu hiyo. Zanzibar, ambayo imetumia miongo kadhaa kuisukuma malaria ukingoni, na ambayo ilikwisha kuiona ikirejea baada ya kampeni ya DDT kusimama mwishoni mwa miaka ya 1960, haina anasa ya kupoteza chandarua hata kimoja kwa sababu ya mdudu aliyeonekana hana maana.

Dawa za dukani zinazouzwa kwa wingi ni za jamii ile ile ya pairethroidi. Mwenye nyumba hupuliza kopo zima, huona wachache wamekufa, na baada ya wiki mbili hali hurudi kama ilivyokuwa. Mayai hayakuguswa, na waliosalimika ndio wenye usugu. Ananunua kopo jingine. Kwa mzee ambaye kipato chake cha uhakika ni Sh50,000 kwa mwezi, huo ni mfereji wa kupoteza pensheni.

Baya zaidi ni pale kopo linaposhindwa na familia ikageukia dawa za shamba. Dawa ya kuulia wadudu wa mboga haikutengenezwa kwa godoro, na mzee asiyetoka kitandani huivuta saa zote 24. Vidonge vya kufukizia nafaka, vyenye fosfidi ya alumini, ni hatari kupita kiasi: vikipata unyevu hutoa gesi inayopenya ukuta na kuua wa chumba cha pili. Nchi za Ghuba, ambako Wapemba wengi wana jamaa, zimeshuhudia vifo vya namna hiyo, vikiwamo vya watoto, kwa sababu jirani alikuwa akiua wadudu. Agosti 2018 wanandoa wawili wa Uingereza walikufa katika hoteli ya Hurghada, Misri, baada ya chumba kinachopakana na chao kupigwa dawa ya kunguni. Ikiwa hoteli ya kitalii ilishindwa kuidhibiti dawa hiyo, chumba chenye dirisha moja dogo hakiwezi.

Kinachofanya kazi ni cha zamani, nacho ni joto. Nyuzi 50 za Selsiasi huua kunguni pamoja na mayai yake, na hakuna kunguni aliyeonekana kuwa sugu kwa maji yanayochemka. Kitanda cha kamba kina faida hapo, kwani hufunguliwa. Kamba huvuliwa na kuchemshwa, mifumbati na matendegu humwagiwa maji ya moto kwenye kila tundu, kisha kitanda huwambwa upya. Shuka, kanga na foronya huchemshwa. Nyufa za ukuta huzibwa kwa udongo au chokaa. Kitanda hurudishwa mbali na ukuta, na chandarua huchomekwa kisiguse sakafu.

Jua nalo husaidia, ila lisiaminiwe kupita kiasi. Godoro nene la sufi likianikwa juu ya mkeka hupata joto upande mmoja tu, na kunguni huhamia upande wa kivuli. Likifungwa ndani ya nailoni nyeusi na kugeuzwa mchana kutwa, hali inakuwa bora. Kadhalika vikombe vya plastiki vya kunasia kunguni, vinavyowekwa chini ya matendegu katika nyumba za wazee za Ulaya na Marekani, havifai kuigwa kijinga. Vilibuniwa kwa kunguni wa nchi za baridi anayeteleza, na watafiti walionyesha mwaka 2017 kuwa huyu wetu wa nchi za joto ana miguu inayoshika na hupanda kuta laini. Kikopo chenye maji na tone la mafuta kinamweza zaidi.

Kazi yote hiyo lazima irudiwe baada ya siku kama kumi, mayai yaliyosalimika yanapoanguliwa, na pengine mara ya tatu. Na hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kitanda kimoja kinataka ndoo kadhaa za maji, kuni za kuzichemsha, mtu wa kumwinua mzee na kumweka kwenye kiti, na siku nzima ya jua. Anayetarajiwa kuifanya kazi hiyo ni mke wa mtoto au mjukuu wa kike, ambaye ana shamba, ana watoto na ana maji mengine ya kuteka. Dawa ya kopo haipendwi kwa kuwa inafaa, bali kwa kuwa inamwokolea mwanamke huyo siku yake.

Sera yoyote inayohubiri usafi bila kuongeza mikono itamlaumu mtu yule yule aliyechoka. Zanzibar inayo mikono hiyo, ingawa imeelekezwa kwingine. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioenezwa katika visiwa vyote mwaka 2021, una wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na simu zenye fomu za kujaza. Ulijengwa juu ya mama na mtoto, na kwa haki. Lakini mhudumu aliyekwisha kuingia ndani kumpima mtoto yuko hatua tatu kutoka chumba cha bibi. Kumwongezea maswali manne, kuhusu shuka, miguu, mikono na chandarua, hakuhitaji jengo jipya wala gari.

Sheha naye anayajua majina ya wazee wa shehia yake, kwani ndiye anayewathibitisha kwa ajili ya pensheni. Vijana wa shehia wakipangwa kuchemsha vitanda viwili au vitatu kwa siku moja, aibu nayo inapungua: kitanda kinachotolewa nje kwa zamu hakimtaji mwenyewe.

Makao kama ya Limbani yana faida ambayo nyumba haina, yaani msimamizi mmoja, jiko moja la kuchemshia na uwezo wa kuweka daftari la ukaguzi wa kila chumba. Yana pia udhaifu ambao nyumba haina, kwa kuwa vyumba vimepangana na mdudu wa chumba cha kwanza hufika cha pili bila kupita mlangoni. Nchi zilizofanikiwa katika nyumba za wazee zimeshika kanuni chache tu: nguo za mkaazi mpya hupita kwenye joto kabla hazijapita mlangoni, vyumba vya pande zote mbili hukaguliwa pindi kimoja kinapokutwa na wadudu, na mtumishi anayeripoti haadhibiwi.

Kwamba Zanzibar inaweza kuushinda wadudu wa ngozi si ndoto. Kuanzia 2001 serikali iligawa dawa za ivermectin na albendazole kwa wakaazi wa visiwa vyote kwa ajili ya kutokomeza matende. Uchambuzi wa kumbukumbu za vituo vya afya uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa upele, ambao haukuwa shabaha ya mpango huo, ulikuwa umepungua kwa asilimia 68 hadi 98. Walioleta nafuu hiyo ni watu waliopita mlango kwa mlango na vidonge mkononi, na wazee walihesabiwa pamoja na wengine.

Kunguni hawana kidonge. Wana kalenda tu, na kwa Pemba kalenda hiyo inafahamika. Karafuu zikikomaa wachumaji huhamia makambini, hulala kwa wingi mahali pamoja kwa wiki kadhaa, kisha hurejea nyumbani na mikeka yao, mablanketi yao na magunia yao. Wanafunzi hurudi likizo na magodoro ya dakhalia. Ukaguzi wa vitanda vya wazee ukifanywa wiki mbili baada ya marejeo hayo, mayai ya kwanza yatakuwa yameanguliwa, na wadudu wangali wachache kiasi cha kumalizwa kwa sufuria mbili za maji.